Ndege ya Gurudumu la Mkiani: Nani Atakayeirusha?



Katika robo mwaka hii tumeulizwa kuhusu jambo moja kuliko mambo mengine yote, nalo ni ndege. Kamati za Bunda zimeuliza, sharika za Butiama zimeuliza, na hapa Musoma mjini swali limetufuata hadi mwaloni kwa wauza samaki. Kwa hiyo tumeona ni vema tulieleze kwa urefu, ili kila kamati itoe maoni yake ikiwa inalifahamu jambo lenyewe.

Habari yenyewe ni hii. Usharika rafiki wa ng'ambo ulituandikia kwamba mshirika wao mmoja aliyefariki dunia aliacha ndege ndogo aina ya Piper Super Cub, yenye viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, na kwamba familia yake ingependa ndege hiyo ije kufanya kazi kwetu. Sisi ofisini tulifurahi, tukajibu kwa shukrani ndani ya wiki moja. Hapo ndipo tulipokosea. Hatukumwuliza rubani hata mmoja. Barua ilisomwa sharikani, na usharika mmoja wa Bunda, kwa moyo mwema kabisa, ukang'oa mihogo na kusawazisha uwanja wa hatua mia sita na zaidi, kabla hatujajua kwamba ndege hiyo si ya kurushwa na kila mwenye leseni.

Tulipomtafuta rubani mstaafu ambaye ameruka miaka mingi juu ya Serengeti, swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Gurudumu la tatu liko wapi, mbele au nyuma?" Tulicheka. Yeye hakucheka. Alikubali kuja kuzungumza na wajumbe Musoma, na mengi ya haya tunayoyaandika tuliyapata kwake siku ile.

Gurudumu la tatu

Ndege ndogo nyingi ambazo wasomaji wetu wameziona zikitua Musoma au Seronera zina magurudumu mawili makubwa chini ya tumbo na moja chini ya pua. Zikisimama, zimekaa sawa kama meza. Ndege ya gurudumu la mkiani ina yale mawili makubwa mbele, na moja dogo nyuma kabisa chini ya mkia. Ikiwa chini huinua pua juu kama mbwa aliyeketi. Mzee mmoja kutoka Hunyari alipoonyeshwa picha alisema, "Kumbe imechutama!" Tangu siku hiyo wengi wetu tunaiita hivyo, ndege iliyochutama.

Zamani karibu ndege zote zilikaa hivyo. Ile Dakota maarufu, DC-3, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935, ilikuwa na gurudumu la mkiani, nalo shirika la East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946, lilizitumia katika viwanja vyetu vya Afrika Mashariki. Abiria alipanda mlima ndani ya ndege ili afike kwenye kiti chake. Katika miaka ya 1950 watengenezaji walihamia kwenye gurudumu la pua. Cessna 172, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1956, ndiyo iliyofundisha watu wengi zaidi duniani kote, nayo ina gurudumu la pua. Marubani waliofuata hawakulazimika kujifunza ujuzi wa zamani, nao ukabaki kwa wachache.

Mtu anaweza kuuliza, kama ni ngumu, mbona hazikuachwa kabisa? Sababu ziko ardhini. Gurudumu la pua limeshikwa na mguu mwembamba. Likiingia kwenye shimo la muhanga au la ngiri, mguu huvunjika na pangaboi la mbele hupiga udongo. Ndege iliyochutama imeinua pangaboi lake mbali na mawe na nyasi. Pia ni nyepesi, na hutua mahali pafupi na pabaya. Ndiyo maana Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, kwa miaka mingi limetumia Super Cub na Husky, zote za gurudumu la mkiani, kufanya doria katika hifadhi ambazo hazina lami. Kwa hiyo marafiki zetu hawakukosea walipodhani ndege hiyo inafaa Afrika. Inafaa sana. Shida iko kwa anayekaa kwenye kiti cha mbele.

Mshale uliotanguliza manyoya

Rubani wetu alikuja na mshale. Katika mkoa huu hakuna asiyeujua. Ncha ya chuma iko mbele, na huko ndiko uzito uliko. Manyoya yanayokamata hewa yako nyuma. Ukiurusha, unakwenda moja kwa moja. Kisha akaurusha ukumbini huku ametanguliza manyoya. Haukufika katikati ya chumba kabla ya kujigeuza, ili uzito utangulie.

Ndege ya gurudumu la pua inapokimbia ardhini ni mshale uliorushwa vizuri. Uzito wake uko mbele ya yale magurudumu mawili makubwa, nayo magurudumu hufanya kazi ya manyoya. Rubani akitua vibaya kidogo, huku pua imetazama pembeni, msuguano wa magurudumu huivuta irudi kwenye mstari. Ndege husamehe.

Ndege ya gurudumu la mkiani imepangwa kinyume, kwa maana uzito wake uko nyuma ya magurudumu makubwa. Ikianza kupinda, uzito ule wa nyuma unataka kupita mbele, na kila inavyopinda ndivyo inavyotaka kupinda zaidi. Asipoizuia mapema, mkia hutangulia, ndege hugeuka ghafla kama mbwa anayefukuza mkia wake, bawa la upande wa nje hugusa chini, na wakati mwingine mguu wa gurudumu huvunjika. Mara nyingi watu hutoka wazima. Ndege yenyewe haitoki nzima, na bili ya matengenezo huweza kukaribia bei ya ndege.

Mama mmoja, mhasibu wa usharika, aliuliza: "Kapteni, sasa kwa nini isijigeuze huko angani?" Rubani alisema hilo ndilo swali zuri kuliko yote ya siku ile. Angani hakuna magurudumu yanayoshika kitu. Kule bapa la mkia ndilo linalofanya kazi ya manyoya, nalo liko nyuma panapostahili. Ndege iliyochutama ikiwa angani huruka kama ndege nyingine. Ugumu wake ni sekunde chache kabla ya kuondoka ardhini, na sekunde nyingi zaidi baada ya kurudi.

Kujifunza kwa miguu

Ndege ndogo ikiwa chini haiongozwi kwa mikono kama gari. Kuna pedali mbili zinazosukuma usukani wa mkia, na kila moja ina breki yake. Mwanafunzi wa ndege ya mkiani anafundishwa miguu kwanza.

Somo la kwanza ni kutembea. Kwa kuwa pua imeinuka, katika ndege nyingi za aina hii rubani haoni vizuri kilicho mbele yake. Lazima aende kwa kupindapinda kama nyoka, atazame kushoto, kisha kulia, ahakikishe hakuna mbuzi wala mtoto njiani. Wale wajumbe waliosema kwamba uwanja wa kijijini unaweza kuwa malisho siku ambazo ndege haiji, hapo walianza kutazamana.

Somo la pili ni kukimbia bila kuruka. Mwanafunzi hungoja aone ndege imepinda, kisha anakanyaga kwa nguvu. Amechelewa, na amezidisha. Ndege inakwenda upande wa pili, naye anakanyaga tena kwa kuchelewa. Mkufunzi humfundisha kugusa kidogo kidogo bila kukoma, kabla jicho halijaona kosa. Wengi wetu tulijifunza baiskeli hivyohivyo: anayeanza hupindisha usukani kwa nguvu akaanguka, lakini aliyezoea anabeba ndoo mbili za dagaa huku anazungumza na mwenzake, wala hajui kwamba mikono yake inasahihisha kila wakati.

Kisha kuna kuinua mkia wakati wa kuondoka. Ndege ikipata mwendo, rubani huinua mkia ili aone mbele. Papo hapo pua huvutwa kushoto. Pangaboi linalozunguka lina tabia ya pia ya watoto: ukisukuma pia inayozunguka, haiangukii kule ulikoisukuma bali hukwenda pembeni. Katika ndege nyingi za Marekani, Super Cub ikiwemo, pembeni huko ni kushoto, na mguu wa kulia lazima uwe tayari kabla mkia haujapanda.

Kutua kuna namna mbili, na mwanafunzi hana budi kuzijua zote. Ya kwanza ni kugusa ardhi kwa magurudumu yote matatu kwa pamoja, ndege ikiwa imepunguza mwendo kiasi kwamba mbawa zinakaribia kuacha kuibeba. Hii ndiyo inayotumika mahali pafupi. Ya pili ni kugusa kwa magurudumu mawili ya mbele, mkia ukiwa bado juu, kwa mwendo mkubwa zaidi. Wengi huipenda kukiwa na upepo wa ubavuni, kwa sababu rubani anaona mbele na usukani wa mkia bado una nguvu. Lakini akigusa kwa kishindo, uzito ulio nyuma hushusha mkia, mbawa zinainuka kuelekea upepo, na ndege inaruka tena juu kama chura, safari hii bila mwendo wa kutosha. Dawa yake ni kuongeza nguvu ya injini na kuondoka ukajaribu upya. Nalo ni somo, kwa maana aibu ya kurudi angani mbele ya watu imewaponza wengi.

Breki zinatumiwa kwa woga. Akizikamata kwa nguvu, mkia hunyanyuka na pua hulala chini, sawa na anayeshika breki ya mbele ya baiskeli kwenye mteremko.

Jambo alilolirudia mara nyingi ni kwamba rubani wa ndege ya gurudumu la pua, gurudumu likishagusa, moyo wake hutulia. Wa ndege iliyochutama hatulii mpaka injini imezimwa. Wengi wanaoharibu ndege hizi, alisema, ni marubani wenye uzoefu wa miaka katika ndege za pua, ambao miguu yao imezoea kupumzika mapema.

Kisheria mambo hutofautiana. Marekani, tangu tarehe 15 Aprili 1991, rubani asiyewahi kurusha ndege za mkiani hawezi kuwa rubani kiongozi wa ndege hiyo mpaka mkufunzi amwandikie kwenye kitabu chake kwamba amejifunza kuondoka na kutua katika hali ya kawaida na katika upepo wa ubavuni, kutua kwa magurudumu mawili, na kuondoka upya. Sheria hiyo haitaji saa. Mwenye bima ndiye hutaja saa, naye huwa mkali kuliko sheria. Nchi za Ulaya nazo hudai mafunzo ya ziada ya namna hiyo.

Upepo wa ziwa

Kwa wenyeji wa Musoma hili halihitaji maelezo marefu. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani, usiku hugeuka. Wavuvi wanaujua upepo huo kuliko sisi waandishi. Ndege iliyochutama huchukia upepo wa ubavuni, kwa sababu unasukuma mkia wake mrefu. Mkufunzi mwenye busara angeanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kufunga kazi kabla ya saa nne.

Kuna na suala la mwinuko. Ziwa letu liko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyokwenda mashariki ndivyo ardhi inavyopanda. Hewa ni nyepesi, na jua likipanda huwa nyepesi zaidi. Ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Uwanja wa hatua mia sita ambao katika nchi ya tambarare yenye baridi ungetosha kwa anayejifunza, Bunda saa saba mchana unamtosha aliyebobea tu.

Baba na mwana juu ya Serengeti

Wapo waliotuambia: "Mbona wale Wajerumani waliweza?" Wanamaanisha Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael. Ni kweli, na ni vizuri kuisimulia, kwa sababu ilitokea kwenye ardhi ya majirani zetu.

Hawakuwa marubani kwa kazi yao. Walijifunza urubani ili waweze kuhesabu wanyama. Walinunua ndege aina ya Dornier Do 27, ya gurudumu la mkiani, iliyoweza kutua mahali pafupi sana, wakaipaka milia ya pundamilia. Usajili wake ulikuwa D-ENTE, na kwa Kijerumani Ente ni bata. Mwishoni mwa mwaka 1957 waliirusha kutoka Ujerumani hadi Serengeti, na Januari 1958 wakaanza kuhesabu. Walipata wanyama wakubwa karibu 367,000, nyumbu wakiwa kiasi cha 99,000. Wataalamu waliofuata waliona hesabu hiyo ilikuwa ndogo kuliko hali halisi. Mwaka 1961 nyumbu walihesabiwa zaidi ya 200,000, na kufikia mwaka 1977 walizidi milioni moja. Ongezeko hilo lilitokana kwa sehemu kubwa na kutoweka kwa sotoka miongoni mwa nyumbu, baada ya ng'ombe wa wafugaji wanaozunguka hifadhi kuchanjwa. Wafugaji wa mkoa huu wana sehemu yao katika hesabu ile, ingawa ni nadra kutajwa.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa akiruka peke yake. Ndege iligongana na tumbusi, bawa likaharibika, ikaanguka. Alikuwa na miaka 24. Alizikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, na baba yake, aliyefariki mwaka 1987, amelazwa hapo kando yake. Filamu waliyokuwa wakiitengeneza ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960.

Kwa haki tuseme kwamba gurudumu la mkiani halikuhusika na ajali ile. Ndege yeyote mkubwa angeweza kuangusha ndege yoyote ndogo inayoruka chini. Lakini wanaotutajia mfano huu wakumbuke kwamba wale wawili walifanya kazi hiyo tu kwa siku nyingi mfululizo, wakiwa na ndege mpya ya kiwandani. Ofisi yetu ina watu wanne na pikipiki mbili.

Kilicho mbele yetu

Kijana wa Kitanzania anayetaka leseni ya rubani binafsi lazima awe na miaka 17, apimwe afya na daktari anayetambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), afaulu mitihani, na aruke saa zisizopungua 40 kwa kiwango cha kimataifa. Wengi huhitaji zaidi. Shule nyingi hufundishia ndege za pua. Akimaliza hapo ndipo amtafute mkufunzi wa ndege za mkiani, na hao si wengi. Pengine itabidi aende Nairobi, katika uwanja wa Wilson. Rubani mgeni akija na leseni ya kwao, nayo lazima ithibitishwe na TCAA. Ndege yenyewe itahitaji usajili wa Tanzania, fundi mwenye leseni, bima, na petroli maalumu ya ndege ambayo haiuzwi vituoni kando ya barabara ya Sirari.

Na baada ya yote hayo, haiwezi kubeba machela. Super Cub hubeba rubani na mtu mmoja aliyeketi. Mama mjamzito aliyepata matatizo usiku hatapanda humo, na ilikuwa kwa ajili yake kwamba sharika zilifurahi. Jambo hili tungelijua kwa kuuliza swali moja tu kabla ya kuandika barua ya shukrani.

Maoni ya ofisi ni kwamba tuiombe familia iiuze ndege huko huko, kwa mtu mwenye miguu iliyofundishwa, na fedha zitumike kwa usafiri wa wagonjwa wa barabarani na majini. Wapo wasiokubaliana nasi, na ni haki wasikike. Mwishoni mwa kikao cha Musoma binti mmoja wa Butiama, aliyemaliza kidato cha sita, alisimama akamwamkia rubani, kisha akasema: "Kapteni, nikianza mwaka huu, itanichukua muda gani?" Yule mzee alifikiri kidogo. "Ukipata ada, binti yangu, miaka miwili mpaka uwe salama peke yako katika ile ya pua. Ya mkiani, mwaka mwingine, na mkufunzi asiyekuonea haya." Binti akasema miaka mitatu si mingi. Kamati yake imeandika rasmi kuomba kwamba, ndege ikiuzwa, sehemu ya fedha iwe ada ya mafunzo ya kijana mmoja. Ombi hilo litapelekwa Halmashauri pamoja na pendekezo letu, na hatutalificha chini ya mafaili.

Kamati zilete maoni kwa maandishi kupitia kwa wachungaji wao kabla ya kikao kijacho cha Halmashauri. Usharika uliosawazisha uwanja tumekwisha kuutembelea na kuomba radhi. Tumekubaliana na familia zenye mashamba kwamba ofisi itanunua pingili za mihogo na kulipia jembe la ng'ombe, ili uwanja upandwe upya mvua za vuli zikianza.